Kosa la Kufunika Ardhi

Jamhuri ya Tele haipakani na nchi yoyote unayoijua, wala wakubwa wake hawafanani na wakubwa wako. Ni nchi nzuri sana. Udongo wake ulitangazwa kisheria kuwa wenye afya kuliko udongo wote duniani, na kila asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, redio ilikariri tangazo hilo ili udongo wenyewe usije ukasahau.

Katika nchi hiyo, kijijini Vumbini, aliishi mama mmoja mjane jina lake Sikujua. Alikuwa na ekari tatu, binti mmoja wa miaka minne aliyeitwa Mashavu, na mama mkwe, Bi Tunu, ambaye miguu ilikuwa imekwisha lakini ulimi ungali mzima. Zile ekari tatu marehemu mumewe alizirithi kwa baba yake. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Mahindi Kila Mahali Kila Mwaka, ilikuwa miaka kumi na tisa, na humo hakikuota kitu kingine. Mahindi juu ya mahindi juu ya mahindi. Kwanza udongo ulipauka. Kisha ukawa mgumu, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yake kama juu ya sakafu, yanakimbilia mtoni yakiwa mekundu. Mwisho kikaja kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kwenye mizizi. Wageni wa serikali walipopita njiani waliyasifu maua.

Mwaka ule Sikujua alivuna madebe manne. Ekari tatu, madebe manne. Magunzi yalikuwa mafupi kama kidole gumba, na punje zimeachana kama meno ya Bi Tunu. Bi Tunu mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, akacheka, halafu akaacha kucheka.

Haikupita miezi mingi kabla hawajaanza kula mara moja kwa siku, uji unaoonyesha kitako cha bakuli. Siku moja Sikujua alimkuta Mashavu nyuma ya nyumba amechuchumaa, mdomo mwekundu, anatafuna bonge la udongo. Kwa mujibu wa redio, mtoto alikuwa anakula kitu chenye afya kuliko vyote duniani. Sikujua alimtia kidole mdomoni akamtoa lile bonge, akamfuta kwa upindo wa khanga, akamkabidhi kwa bibi yake. Kisha akashika njia kwenda kwa bwana shamba.

*

Bwana shamba wa Vumbini aliitwa Kapalata, mtu mwembamba, mpole. Ofisi yake ilikuwa na meza moja na mabango kumi na manne.

"Bwana Kapalata," alisema Sikujua kabla hata ya kuketi, "udongo wangu umechoka."

Kapalata aliinuka akafunga dirisha. "Mama, neno hilo usilitumie humu. Waraka umekuja. Udongo wa Tele hauchoki. Wanaochoka ni wananchi."

"Haya, mwananchi amechoka. Nimpandie nini?"

Yule bwana alivuta mtoto wa meza, akainua furushi la miongozo ya serikali, na chini yake akatoa vifuko viwili vya kitambaa. Kimoja kilikuwa na mbegu nyeusi zenye mstari mweupe mgongoni. Kingine kilikuwa na mbegu ndogondogo zinazoteleza vidoleni.

"Hizi ni fiwi. Na haya ni marejea," alisema kwa sauti ya chini. "Yote ni jamii ya mikunde. Mizizi yake hufanya vinundu, na ndani ya vinundu mna vijidudu vinavyovuta chakula cha mimea kutoka hewani na kukiweka ardhini. Majani yanafunika ardhi, jua halichomi, mvua haichukui udongo, kiduha hakipati pa kushika. Yakianza kutoa maua unayakata, unayaacha yalale hapohapo yaoze. Mwaka unaofuata unapanda mahindi. Halafu unazungusha. Sehemu hii mahindi, ile mikunde, mwakani unabadilisha."

"Hayo uliyajua tangu lini?"

"Niliyasomea miaka mitatu chuoni."

"Na mbona hukutuambia?"

"Nimeajiriwa ili nisiyaseme, mama," alisema Kapalata, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeumwa jino.

Sikujua alivifunga vile vifuko kibindoni. Mlangoni alisimama. "Nikipanda haya ekari mbili, mahindi yatabaki ekari moja. Mwaka huu wote mtoto atakula nini?"

"Hapo sina jibu," alisema bwana shamba. "Ningekuwa nalo ningelificha pamoja na mbegu."

Nyumbani Bi Tunu alipiga mkeka kwa kiganja. "Majani! Watu wanakufa njaa wewe unataka kupanda majani!"

"Mama, nikipanda mahindi kotekote nitapata madebe manne, mwakani matatu, mwaka wa tatu tutagawana vumbi. Nikipanda haya nitapata debe moja na kitu. Tofauti yake haifiki hata madebe matatu."

"Mtu hufa kwa debe moja, Sikujua."

Alfajiri Sikujua alikwenda shambani akapanda.

*

Lile shamba liliota kwa namna ambayo watu wa Vumbini walikuwa wameisahau. Mwezi wa kwanza fiwi zilitambaa na kushikana mikono, marejea yakasimama katikati yake, na mwezi wa pili udongo haukuonekana tena. Baadhi ya fiwi zilipanda mpaka kwenye paa la jiko zikaning'inia. Sikujua alikuwa anapenyeza mkono chini ya majani. Ardhi ilikuwa baridi na yenye unyevu, hata jua likiwa la utosi. Siku moja aliona mnyoo. Alimwita Mashavu aje amwone, kama watu wanavyowaita watoto kuona ndege ya angani.

Jirani yake, Mzee Mahimbo, ndiye aliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini katika Jamhuri ya Tele mjumbe aliyemaliza mwezi bila kumtaja mtu alihesabiwa kuwa amelala kazini, na Mahimbo alikuwa na wajukuu watano wa kulisha. Mwezi ule alimtaja Sikujua.

Yalikuja magari matatu. Gari la kwanza lilimbeba Mkaguzi Mkuu wa Mashamba, Bwana Salala, na tumbo lake. La pili lilibeba kamati. La tatu lilikuja tupu, kwa ajili ya heshima. Bwana Salala alisimama ukingoni mwa shamba, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Jina lako?"

"Sikujua, mheshimiwa."

"Hukujua nini? Nimekuuliza jina."

"Ndilo hilo. Sikujua."

"Andika," Salala alimwambia karani, "mtuhumiwa anadai hakujua jina lake." Akageukia shamba. "Na hiki ni nini?"

"Ni mazao ya kufunika ardhi."

Mjumbe mmoja aliyekuwa mwishoni, ambaye alikuwa hajasema neno tangu asubuhi na hakuna aliyejua anatoka idara gani, alisogea mbele. "Kufunika," alisema taratibu. "Unafunika nini, mama?"

"Udongo."

"Serikali ya Tele ni serikali ya uwazi. Haijawahi kufunika kitu. Wewe raia una nini huko chini mpaka ukifunike?"

"Hakuna kitu, baba. Ndiyo maana nafunika, ili kiwepo."

"Andika," alisema Salala. "Amekiri kuna mpango."

Wakang'oa shina moja la fiwi. Kwenye mizizi vilikuwepo vile vinundu, vimejipanga kama shanga, na mtaalamu wa kamati alipovipasua kwa ukucha ndani vilikuwa vyekundu. Aliruka nyuma. "Majipu!" alipiga kelele. "Shamba lina majipu, na yameiva!" Kamati ilirudi hatua kumi kwa pamoja, Bwana Salala akifunika pua kwa leso.

Bwana Kapalata, aliyeitwa kushuhudia, alijaribu kusema. "Mheshimiwa, wekundu huo ndio dalili ya kuwa vinafanya kazi..."

"Vinamfanyia kazi nani?" aliuliza yule bwana wa mwishoni.

Kesi ilisikilizwa palepale, kwenye kivuli cha gari tupu. Mashtaka yalikuwa matatu: kulaza ardhi mchana kweupe, kufunika ardhi bila kibali, na kufuga majipu. Hukumu ilisomwa na Bwana Salala kwa sauti ya kuhutubia uwanja, ingawa walikuwa watu kumi na wawili.

"Kwa kuwa Jamhuri ina huruma, hutafungwa. Lakini majani haya yote yatakatwa leo, yakiwa katika maua yake, mbele ya macho yako! Hayataliwa na mbuzi, hayatabebwa, hayatachomwa! Yatalala hapohapo juu ya ardhi uliyoilaza, yaoze uyaone yakioza, iwe fundisho! Na mwakani utapanda mahindi!"

Sikujua alimtazama. Alidhani masikio yanamdanganya. Kapalata alisogea akamnong'oneza bila kufungua meno, "Lia, mama. Lia sana."

Akalia. Alikusudia kuigiza, lakini alipoanza tu alimkumbuka Mashavu na mdomo wake mwekundu, akakumbuka yale madebe manne, na kilio kikaja chenyewe. Bwana Salala aliridhika. Vijana wa serikali waliingia na mapanga wakakata ekari mbili mpaka jioni, wakailaza kazi yote ya Sikujua chini kwa unadhifu kuliko ambavyo angeweza mwenyewe. Amri ilitaja shamba tu. Fiwi za juu ya paa la jiko hazikutajwa, na katika Tele kisichotajwa hakipo.

Wiki iliyofuata Bwana Kapalata alihamishiwa Idara ya Uvuvi, katika wilaya isiyo na maji.

*

Halafu ikaja njaa ya mwaka uleule. Ekari moja ya mahindi ilitoa debe moja na robo. Sikujua alikwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya wengine, ila wengine nao hawakuwa na kitu. Alichemsha mchicha pori. Alichuma fiwi za paa la jiko, akaweka akiba kwenye chungu na kukifunga mdomo kwa majivu na kitambaa, na alipokuwa anapika alichota chache, chache mno.

Bi Tunu alianza kusema ameshiba. Asubuhi ameshiba, jioni ameshiba. "Nimekula ujanani mpaka nikachoka," alikuwa anasema, akisogeza bakuli kwa Mashavu. "Mpe huyu, mimi kula kunaniumiza taya."

"Mama, kula."

"Usinifundishe, mimi ndiye nilimfundisha mumeo kula."

Mvua za mwanzo zilipokuwa zinakusanya mawingu, Sikujua aliingia chumbani na kikombe cha uji akamkuta mama mkwe amelala ubavu, ameelekea ukutani, mkono chini ya shavu. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba Sikujua alimgeuza kwa mkono mmoja. Hapo ndipo lile neno lilipomrudia, mtu hufa kwa debe moja. Aliketi sakafuni na kile kikombe mpaka uji ukapoa, na Mashavu alipoingia akaulizia uji huo, alimpa.

Karani wa vifo alikuja na daftari. Njaa haikuwemo katika orodha ya sababu zinazoruhusiwa, kwa sababu nchi inayoitwa Tele haiwezi kuwa nayo. Akaandika: *Amepumzika kwa hiari.*

"Hakupumzika," alisema Sikujua. "Alininyima nafasi ya kumlisha."

"Nafasi ya kuandika hayo haipo, mama," alisema karani kwa upole, akampa pole.

*

Mahindi ya mwaka uliofuata yaliota meusi kwa kijani. Katika zile ekari mbili, udongo ulikuwa umebadilika, unashikana kisha unamomonyoka vidoleni kama unga wa ngano uliokandwa nusu. Mvua ilipopiga ilizama. Wiki ya saba mahindi yalikuwa kimo cha Sikujua, mabua mazito kama mkono wa mtu, huku Vumbini nzima yakiwa yanamfikia mtu gotini, njano, kiduha kikitabasamu katikati. Watu walisimama barabarani kutazama. Mzee Mahimbo alikuwa anasimama muda mrefu kuliko wote, kisha anaondoka bila kumsalimu.

Habari zilifika mji mkuu. Hatimaye alikuja mwenyewe, Mheshimiwa Waziri wa Udongo na Matamko, na magari arobaini na bendi. Jukwaa lilijengwa ndani ya shamba la Sikujua, juu ya mistari minane ya mahindi ambayo ililazimika kung'olewa. Bwana Salala ndiye aliyesoma taarifa.

"Mheshimiwa Waziri! Shamba hili lilikuwa gonjwa na lenye uasi! Mwaka jana, kwa uongozi wangu chini ya uongozi wako, tulilikata! Tukaliacha lioze! Tazama leo! Limetubu!"

Bendi ikapiga. Waziri alisimama, akafuta jasho, akatazama yale mahindi kwa muda mrefu, na wote waliokuwepo waliona kwamba wazo limemwingia.

"Ndugu wananchi," alisema, "wanasayansi wa mataifa makubwa wametafuta siri hii wasiione. Sisi tumeiona. Udongo unataka kuadhibiwa! Kata, lioze, listawi! Naagiza kuanzia leo kila shamba la mahindi la jamhuri hii likatwe! Lote! Hapohapo lilipo! Mwakani tutauza mahindi mpaka mwezini!"

Watu wa Vumbini walipiga makofi, maana aliyesimamia makofi alikuwa ameinua mkono. Kisha wakaanza kutazamana.

Yale mahindi ya gotini ndiyo kitu pekee walichokuwa nacho. Sikujua alipoitwa jukwaani kushukuru, Bwana Salala alimminya kiwiko. "Sema ahsante, ushuke. Shamba litabaki lako."

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Chini aliona kofia ya Mzee Mahimbo.

"Mheshimiwa," alisema, "si kukata. Yaliyokatwa yalikuwa fiwi na marejea. Hayo ndiyo yalilisha ardhi. Mahindi hayana vinundu. Mkikata mahindi mtakuwa mmekata mahindi tu. Nawaomba. Watu watakufa. Mama mkwe wangu amekufa. Msikate!"

Alipovuta pumzi, yule msimamizi wa makofi, ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia pumzi za wasemaji, aliinua mkono. Makofi yakavuma. "Msikate!" alipiga kelele tena. Makofi yakazidi. Bendi ikaingia. Waziri, machozi yakimlengalenga, alimkumbatia, akasema mbele ya kipaza sauti kwamba hajawahi kusikia shukrani za dhati kama zile.

Jioni ileile shamba la Sikujua lilizungushiwa waya, likawekwa mlinzi na kibao: SHAMBA LA MFANO LA TAIFA. Kila hindi lingepelekwa mji mkuu likawekwe kwenye kioo. Mwenye shamba haruhusiwi kuingia isipokuwa kwa kibali, na vibali vilikuwa vimekwisha.

*

Vijana wa mapanga walianza na nyumba kumi za Mahimbo, maana yeye ni mjumbe na lazima awe mfano. Asubuhi moja tu ilitosha. Sikujua alisikia mapanga kutoka jikoni kwake. Chungu cha akiba kilikuwa kimefika mwisho. Zile fiwi zote zilizobaki, kama vibaba vitatu, alikuwa amezilowesha tangu jana asubuhi, maana fiwi bila kulowa haziivi. Zilikuwa zimevimba ndani ya sufuria, nzito, ngozi inang'aa. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha wiki, na Mashavu alikuwa amekaa kando ya mafiga tangu alipoamka, anazisubiri kama mtu anayesubiri gari.

Mzee Mahimbo aliingia uani bila kupiga hodi. Alikuwa ameshika mabua mawili ya mahindi, moja kila mkono, kama aliyesahau kuyaweka chini.

"Wamemaliza," alisema. "Wameenda kwa jirani yangu, Mkapa Dogo."

Sikujua alimwashiria kigoda. Hakukaa.

"Mimi ndiye nilikutaja," alisema mzee.

"Najua, baba."

"Wajukuu wangu watano."

"Najua."

Mzee alitazama mawingu upande wa milimani. "Kuna mvua ya wiki tano, sita labda. Mahindi hayawezi tena. Zile zako... zile zinaweza?"

Sikujua alitazama sufuria. Aliinama akatia mkono akazigusa, akaona moja imeanza kupasuka ngozi, imetoa ncha nyeupe kama jino la mtoto. Kisha aliyamwaga maji uani, akajitwika sufuria.

"Mama," alisema Mashavu, "haijaiva."

"Twende," alisema mama yake.

Walipanda mchana kutwa shambani kwa Mahimbo, baina ya mabua yaliyolala. Mahimbo alichimba, Sikujua akaweka mbili mbili kila shimo, wake za wana wa Mahimbo wakafukia kwa miguu. Barabarani lilipita gari la matangazo likisema kazi ya kukata inaendelea vizuri na wananchi wameipokea kwa nderemo. Mashavu alikaa ukingoni mwa shamba anaitazama sufuria ikienda mstari kwa mstari, na kila ilipokaribia upande wake alisimama, ilipopita akaketi.

Jua lilipokuwa linainama ulibaki mstari mmoja, na kwenye sufuria konzi moja la mkono. Sikujua aliinama kwenye shimo la kwanza.

Mahimbo alimshika kifundo cha mkono.

"Huo uache. Hizo mpikie mtoto."

"Mstari utabaki mtupu, baba."

"Mimi ni mjumbe," alisema Mzee Mahimbo. "Nitaandika kwamba umepandwa. Nchi hii imejaa mistari ya namna hiyo."

Sikujua alizirudisha zile fiwi za kiganjani kwenye sufuria, akamshika Mashavu mkono, wakaenda nyumbani kuwasha moto.